Wanaomaliza Torati na Kuianza Siku Ile Ile

Mtu akimaliza masomo yake hufurahi, na jamaa yake hufurahi pamoja naye. Mtoto akipata cheti cha shule, wazazi humchinjia kuku. Mkatekumeni akimaliza mafundisho yake na kubatizwa usiku wa Pasaka, huvikwa nguo nyeupe, na nyumbani kwake huimbwa mpaka asubuhi. Ni haki kufurahi hivyo. Walakini sisi makatekista twajua jambo moja la kusikitisha. Wengi wakisha kupokea Ubatizo hufunga kitabu. Daftari la mafundisho huwekwa juu ya kabati pamoja na vitu visivyotumika, na baadaye kurasa zake hufungiwa karanga sokoni. Ukiwauliza, hujibu: "Mimi nimekwisha soma."

Leo nataka kuwaeleza habari za watu ambao kila mwaka humaliza masomo ya dini yao kwa shangwe kubwa, na siku ile ile huyaanza upya toka neno la kwanza. Watu hao ni Wayahudi. Wala si habari za mbali tu, za Yerusalemu au za Ulaya. Wako Wayahudi waliokaa katika nchi yetu ya Kongo, katika mji wa Lubumbashi. Wako na wengine kwa majirani zetu wa Uganda, karibu na mji wa Mbale, nao ni Waafrika kama sisi. Kwanza tutazame desturi yenyewe, kisha tuone jinsi ilivyofika katika nchi zetu.

MWAKA WA TORATI

Torati ni vitabu vitano vya kwanza vya Biblia Takatifu, yaani Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu na Kumbukumbu la Torati. Wayahudi wamevigawanya katika mafungu 54. Kila Sabato fungu moja husomwa katika sinagogi mbele ya watu wote, na Sabato nyingine mafungu mawili huunganishwa, hata mwaka wao ukiisha vitabu vyote vitano vimekwisha kusomwa. Baada ya Torati husomwa tena sehemu ya kitabu cha mmojawapo wa Manabii.

Hawasomi katika kitabu cha chapa. Husoma katika gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, na lina herufi 304,805. Mwandishi akikosea herufi moja tu, gombo lile haliwezi kutumika katika ibada mpaka kosa lisahihishwe. Msomaji haigusi ngozi kwa kidole chake, bali hufuata maneno kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, ambacho ncha yake imechongwa mfano wa mkono mdogo.

Mwaka wa masomo huisha mwezi wa Septemba au Oktoba, mara baada ya Sikukuu ya Vibanda. Sikukuu hiyo ya Vibanda ndiyo ile ambayo Bwana wetu Yesu Kristo aliipandia Yerusalemu, kama asimuliavyo Mtakatifu Yohane katika sura ya 7. Siku ya kumaliza yaitwa Simkati Tora, maana yake Furaha ya Torati. Magombo yote hutolewa katika sanduku takatifu, na watu huyabeba mikononi na kuzunguka nayo mara saba ndani ya sinagogi wakiimba na kucheza. Wazee hucheza, na watoto hubebwa mabegani. Kisha mtu mmoja huitwa kwa fungu la mwisho, naye hupewa jina la heshima: Bwana Arusi wa Torati. Akisha kumaliza yeye, mara huitwa mwingine, Bwana Arusi wa Mwanzo, na gombo la pili hufunguliwa pale ambapo Mungu aumba mbingu na nchi. Hakuna nafasi kati ya mwisho na mwanzo.

Tena tuangalie fungu la mwisho lasema nini. Lasimulia kifo cha Musa. Musa amepanda mlima Nebo, ameiona nchi ya ahadi kwa macho yake, na amekufa bila kuingia. Waisraeli bado wako ng'ambo ya Yordani. Twaweza kustaajabu. Mbona watu hawa wamaliza mwaka pale ambapo safari haijafika? Kitabu cha Yoshua kingekuwa hatua moja tu mbele, na humo wangaliona mto ukigawanyika na kuta za Yeriko zikianguka. Walakini Torati huishia mlimani, na msomaji hurudishwa katika siku ya kwanza ya ulimwengu. Nadhani hapo ndipo penye siri ya taifa hilo. Wamejifunza kumaliza bila kufika, na kuanza tena bila kukata tamaa.

JINSI DESTURI ILIVYOKUA

Sikukuu hii ya Furaha ya Torati haimo katika Biblia. Ilianza karne nyingi baada ya Kristo. Walakini mizizi yake ni ya zamani sana. Musa mwenyewe aliamuru kwamba kila mwaka wa saba, katika Sikukuu ya Vibanda, Torati isomwe mbele ya watu wote, wanaume, wanawake, watoto, na hata mgeni akaaye kati yao. Baadaye, Waisraeli waliporudi kutoka utumwani Babeli, kuhani Ezra alisimama juu ya jukwaa la mti huko Yerusalemu, akasoma toka alfajiri mpaka adhuhuri. Walawi walikuwa wakieleza maana ili kila mtu afahamu. Watu walilia waliposikia. Ndipo walipoambiwa wasilie, bali wale, wanywe, na kuwapelekea sehemu wale wasio na kitu. Hayo yote yamo katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8. Mimi huona kwamba sura hiyo ni hati ya kazi yetu sisi makatekista: kusoma, kueleza maana, na kisha kumkumbuka maskini.

Baada ya Ezra kusoma kukawa desturi ya kila Sabato. Wayahudi wa Palestina walisoma polepole, wakamaliza Torati kwa muda wa miaka mitatu hivi. Wale wa Babeli walisoma haraka zaidi, wakamaliza kwa mwaka mmoja. Desturi hizo mbili zilidumu pamoja muda mrefu. Karibu na mwaka 1170 msafiri Myahudi wa Hispania, jina lake Benjamin wa Tudela, alifika Misri akakuta katika mji wa Kairo sinagogi mbili, moja ya kufuata Palestina, na moja ya kufuata Babeli. Hawa walimaliza kila mwaka, na wale kila miaka mitatu, walakini siku ya Furaha ya Torati walikutana kusali pamoja. Hatimaye desturi ya Babeli ilishinda karibu kila mahali.

Sisi Wakristo tusidhani kwamba mambo haya hayatuhusu. Bwana wetu aliingia katika sinagogi ya Nazareti siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake, akapewa gombo la nabii Isaya, akasoma. Mtume Paulo alipofika Antiokia ya Pisidia, alihubiri baada ya somo la Torati na la Manabii. Toka huko Kanisa lilipata desturi ya kusoma Maandiko kabla ya kuumega Mkate. Tena, baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, Kanisa lilitupa utaratibu mpya wa masomo ya Misa, ulioanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio mwaka 1969. Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na karibu kila Dominika somo la kwanza hutoka katika Agano la Kale, isipokuwa wakati wa Pasaka. Zamani wazee wetu walisikia Agano la Kale kwa nadra sana siku ya Dominika. Kumbe, tunapofika sherehe ya Kristo Mfalme na juma linalofuata tukaanza Majilio, nasi pia twamaliza na kuanza.

TORATI KATIKA KATANGA

Sasa tuje Kongo. Katika bahari ya Mediteranea kipo kisiwa kiitwacho Rodos. Wayahudi wa kisiwa hicho wengi walikuwa wazao wa watu waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na hata baada ya miaka mia nne walikuwa bado wakisema nyumbani Kihispania cha zamani. Sinagogi yao moja, iitwayo Kahal Shalom, ilijengwa mwaka 1577. Mwanzoni mwa karne ya 20 umaskini uliwasukuma vijana wa Rodos kwenda ng'ambo kutafuta riziki. Wengine walifika Katanga, ambako reli na migodi ya shaba ilikuwa imefungua biashara. Walianza kwa biashara ndogo ndogo, wakafungua maduka, wakawaita ndugu zao.

Mwaka 1930 Wayahudi wa Elisabethville, mji tunaouita sasa Lubumbashi, walijenga sinagogi. Mwaka 1937 walipata rabi, kijana kutoka Rodos, jina lake Moïse Levy. Alikuwa amesoma katika chuo cha marabi kilichofunguliwa kisiwani humo mwaka 1928, wakati Waitalia walipokuwa wakitawala. Chuo kile kilifungwa mwaka 1938, serikali ya Italia ilipotoa sheria za kuwatesa Wayahudi. Basi kijana yule alitoka kabla mlango haujafungwa. Alikuwa rabi katika Kongo toka mwaka ule wa 1937 hata mwaka 1991, yaani miaka 54, sawa na hesabu ya mafungu ya Torati. Aliona utawala wa Wabelgiji, uhuru wa mwaka 1960, vita vya Katanga, na amri ya mwaka 1973 iliyonyang'anya wageni maduka yao. Wayahudi wengi waliondoka nchini. Yeye alibaki na waliobaki.

Lakini yaliyowapata wale waliobaki Rodos ni mambo ya kutisha. Mwezi wa Septemba 1943 Wajerumani walikitwaa kisiwa. Mwezi wa Julai 1944 waliwakusanya Wayahudi, wazee, wanawake na watoto wachanga, wakawatia katika mashua za mizigo, na kutoka Athens wakawapeleka kwa gari moshi mpaka Auschwitz katika nchi ya Poland. Walikuwa watu zaidi ya 1,600. Waliorudi wakiwa hai walikuwa 150 hivi tu. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, Mwislamu, alisimama mbele ya maofisa wa Kijerumani akawaokoa watu arobaini hivi kwa kuwatetea kuwa ni raia wa nchi yake. Jina lake na liheshimiwe.

Fikirini, wasomaji wapenzi. Baada ya miezi mitatu tu ilifika siku ya Furaha ya Torati. Kisiwani Rodos, ambako masomo yalikuwa yakianza upya kila mwaka kwa karne nyingi, sinagogi ilikuwa kimya. Walakini huku Elisabethville, katikati ya miti ya Katanga, watoto wa kisiwa kile walimaliza kifo cha Musa wakaanza uumbaji wa ulimwengu. Wachuuzi waliokuja kutafuta riziki ndio waliobaki kuendeleza masomo ya baba zao. Hakuna aliyekusudia hivyo wakati wa kupanda meli. Mungu huhifadhi mbegu mahali ambapo mkulima mwenyewe hajui.

JEMADARI NA BIBLIA YA KIGANDA

Wayahudi wa Lubumbashi walileta Torati kutoka ng'ambo. Wale wa Uganda hawakuletewa na Myahudi yeyote. Waliikuta ndani ya Biblia ya Wakristo.

Mwanzo wao ni mtu mmoja, Semei Kakungulu. Huyu alikuwa jemadari hodari wa Buganda, Mkristo wa madhehebu ya Kiprotestanti. Mwaka 1899 alisaidia kuwakamata wafalme Mwanga na Kabarega, kisha akaziteka nchi za mashariki kwa ajili ya Waingereza, na mji wa Mbale ulikua kutokana na makazi yake. Alitumaini kwamba atafanywa mfalme wa nchi alizoziteka. Serikali ya Kiingereza haikumpa ufalme. Ilimpa kazi ya serikali, na mwishowe akajitenga nayo akiwa na uchungu moyoni.

Mtu mwenye uchungu aweza kulewa, au kufanya fitina, au kusoma. Kakungulu alisoma. Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutolewa kwa Kiganda mwaka 1896. Kwanza aliingia katika dini ya Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali na kuishika Sabato. Alipozidi kusoma vitabu vya Musa aliona kwamba Mungu alimwamuru Abrahamu kutahiri siku ya nane, wala hakuona mahali ambapo amri ile imefutwa kwa namna ya kumridhisha. Wamalaki walipinga, wakamwambia kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi. Yeye akajibu kwamba, ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919, huko Gangama, chini ya mlima Elgon, alitahiriwa yeye pamoja na wanawe. Wagisu wa mlima ule hutahiri vijana wao tangu zamani, lakini si siku ya nane wala kwa ajili ya agano la Abrahamu. Watu waliomfuata Kakungulu waliitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na maagizo chenye kurasa karibu 90.

Sisi Wakatoliki twaamini, pamoja na Mtakatifu Paulo na Mtaguso wa kwanza wa Mitume huko Yerusalemu, kwamba mataifa hawakulazimishwa kutahiriwa, na kwamba Torati imetimizwa katika Kristo. Kwa hiyo hatuwezi kumfuata Kakungulu mpaka mwisho wa njia yake. Walakini habari yake yatuuliza swali zito sisi tunaofundisha. Mtu huyu alisoma kwa bidii, akaona neno, akauliza. Je, mkristo wetu akiuliza leo kwa nini Petro na Paulo waliacha jambo ambalo Mungu alimwamuru Abrahamu, katekista wake ataweza kumjibu? Au atamwambia anyamaze? Asiyejibiwa nyumbani huenda kutafuta jibu mahali pengine.

MIEZI SITA YA YOSEFU

Kwa miaka ya mwanzo Abayudaya walichanganya mambo. Walishika Sabato na kutahiri, lakini walikuwa bado na ubatizo na sala za Kikristo. Mwaka 1920 alifika kwao mfanya biashara Myahudi, na jina lake lakumbukwa kuwa Yosefu tu. Alikaa nao miezi sita. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja mnyama, vyakula vilivyokatazwa, na baraka za Kiebrania. Basi Kakungulu akaweka shule ndogo ili mambo yale yasipotee Yosefu akiondoka.

Hapa pana fundisho. Mwalimu alikaa miezi sita tu, hata mwaka mmoja hakuumaliza. Akaenda zake. Waliobaki hawakuwa na rabi wala gombo la ngozi. Walikuwa na Biblia ya Kiganda, na mambo waliyoyashika kwa kichwa. Kakungulu alikufa mwezi wa Novemba 1928, na wengi wakarudi katika Ukristo au kuingia Uislamu. Wachache walishikamana na wazee wao, wakasoma na kuimba Zaburi kwa Kiganda kwa sauti za kwao. Baadhi ya nyimbo hizo zilitolewa katika sahani ya muziki huko Marekani mwaka 2003, nazo zikasikika dunia nzima.

MIAKA MINANE YA IDI AMIN

Mwezi wa Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waisraeli, na dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Sinagogi zilifungwa. Abayudaya walisali kwa siri, wengine usiku, na wengi walibadili dini kwa hofu. Sisi Wakatoliki pia twaujua ukatili wa siku zile, maana Wakristo wengi wa Uganda waliuawa. Serikali ile ilipoanguka, Abayudaya waliosalia walikuwa watu 300 hivi.

Majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Ilikuwa Jumatano ya Juma Takatifu. Na kwa kalenda ya Kiyahudi jioni ile ile ndiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka, usiku ambao Waisraeli husimulia jinsi Mungu alivyowatoa katika mkono wa Farao. Abayudaya hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza maana yake.

Katika miaka ya 1980 baadhi ya vijana wao walirudi katika kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, wakaishi pamoja, wakafanya kazi na kusoma. Mmoja wao alikuwa Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa wazee waliotunza dini. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo walikuja wakawapokea mamia kwa taratibu kamili, ingawa si Wayahudi wote wa dunia wanaokubali upokeaji ule mpaka leo. Mwaka 2003 Sizomu alikwenda Los Angeles katika Marekani kusomea urabi, akapewa daraja hiyo mwaka 2008, akarudi kwao. Mwaka 2016 watu wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu, walimchagua kuwa mbunge. Hata katika kilimo wameonyesha mfano. Mwaka 2004 Abayudaya pamoja na majirani Wakristo na Waislamu waliunda ushirika wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, maana yake Amani Tamu.

Abayudaya hesabu yao sasa ni elfu mbili hivi. Wana magombo ya ngozi waliyopewa na ndugu zao wa ng'ambo, na kila mwaka huyabeba wakicheza kwa ngoma na nyimbo za Kiafrika. Tena kuna jambo ambalo watu wa Kivu hasa tulitafakari. Abayudaya hawadai kwamba ni wazao wa Abrahamu kwa damu. Hawasemi, "Sisi ndio wenyewe, ninyi ni wageni." Wao husema kwamba baba zao walisoma, wakakubali. Katika nchi zetu hizi za maziwa makuu, ambako watu wengi wamemwaga damu kwa kubishana juu ya damu, yafaa kumsikia mtu asemaye kwamba ametokana na kitabu alichokishika.

SISI TUFANYE NINI?

Jambo la kwanza ni heshima. Kwa karne nyingi Wakristo waliwadharau na kuwatesa Wayahudi, na dharau ile ilitayarisha njia kwa maovu ya Auschwitz. Mwaka 1959 Papa Yohane wa 23 aliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowatukana. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso ulitangaza katika hati ya Nostra Aetate kwamba mateso ya Bwana wetu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo, na kwamba wao wangali wapenzi wa Mungu kwa ajili ya baba zao. Mwaka 1986 Papa Yohane Paulo wa 2 aliingia katika sinagogi ya Roma akasali pamoja nao. Basi katekista anayewaambia watoto siku ya Ijumaa Kuu kwamba Wayahudi ni taifa la wauaji hafundishi mafundisho ya Kanisa. Mama yetu Bikira Maria alikuwa Myahudi, na masikio yake yalisikia Torati kila Sabato.

Jambo la pili ni kuanza tena. Kitabu cha wakatekumeni kikiisha, tusiseme kwamba masomo yameisha. Tuwaambie wabatizwa wapya kwamba wamefika mlima Nebo tu. Wameona nchi, nayo ni nzuri, lakini safari ingaliko. Katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, masomo ya Dominika ijayo yasomwe nyumba kwa nyumba kabla ya siku yenyewe. Ukiwa katika mwaka A, usidhani kwamba utakaporudi baada ya miaka mitatu utasikia yale yale. Maneno yatakuwa yale yale, lakini wewe utakuwa mtu mwingine. Utakuwa umezika mtu, au umezaa, au umesamehe. Somo la Abrahamu na Isaka si moja kwa kijana na kwa mzazi.

Watu wa Goma twajua vizuri maana ya kuanza upya. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliteketeza sehemu kubwa ya mji wetu, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwaka 2021 mlima ulitoka tena. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini, na watu wa kambi wakabeba tena mizigo yao. Kila mara tumechonga mawe meusi ya moto tukajenga juu yake. Tunayajua haya kwa mikono yetu na kwa nyumba zetu. Na tuyajue pia kwa Neno la Mungu. Nyumba yaweza kuungua na daftari laweza kupotea njiani, lakini aliyezoea kusoma kila juma, mwaka baada ya mwaka, hubeba masomo yake mahali ambapo askari hawezi kupekua. Wazee wa Mbale walibeba hivyo miaka minane.

Basi, mpenzi msomaji, ukiwa na Biblia nyumbani, ishushe kutoka juu ya kabati. Uipanguse vumbi. Tafuta somo la Dominika hii, ulisome kwa sauti mbele ya watoto wako. Na siku mtakapofika mwisho wa kitabu, msikifunge usiku ule kabla hamjasoma sentensi moja ya mwanzo.